Bi Eustadia Kalunde, Mpangaji wa Mji

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi Eustadia Kalunde, Mratibu wa Nyumba wa Ushirika wa Nyumba Tukae hapa Tabora, anatimiza miaka sitini ya umri na ishirini na minne ya utumishi, na kwa mujibu wa kanuni anastaafu. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Irakoze Dismasi, niliyekuwa msaidizi wake, niandike wasifu wake kwenye jarida letu. Wameniomba niandike maneno mazuri. Mazuri yapo, tena tele, na nitayaandika. Lakini nina hasira pia, na ni Bi Eustadia mwenyewe aliyenifundisha kwamba hasira ikifichwa uvunguni huanza kunuka. Kwa hiyo nayo nitaiandika.

Alizaliwa Usoke, kando ya reli, katika familia ya Kikatoliki ya wakulima wa tumbaku. Wanaomkumbuka wanasema sauti yake ilikuwa hii hii tangu utotoni: baba yake alipotaka kuwaita vibarua walioko shamba la mbali hakuhangaika kutuma mtu kwa baiskeli, alimsimamisha Eustadia kwenye kichuguu. Alisoma, akapata stashahada ya maendeleo ya jamii, akaolewa, akafiwa na mume mapema, hakujaliwa mtoto. Akaja mjini na sanduku la bati na kupanga chumba Mtaa wa Wapagazi.

Jina la mtaa linajieleza. Ndipo walipotua mizigo watu wa misafara, na wengine wao hawakuibeba tena. Nyumba ni zile za korido katikati na vyumba huku na huku, baraza mbele, uani nyuma. Nyingi ni za miti na udongo, nyingine za tofali mbichi, na mabati yake yalikuwa yamekula kutu kiasi kwamba mvua ikinyesha watu walijua kila tundu kwa jina. Humo wanakaa wauza mchicha, mafundi cherehani, madereva wa bajaji, wazee waliostaafu reli. Ni watu ambao wasipoamka, mji huu haunywi chai.

Wenye nyumba wengi walikwishafariki na warithi wao kutawanyika, wengine Dar es Salaam, wengine hata hawajulikani waliko. Wapangaji walipochoka kusubiri mtu wa kuziba paa, wakaanzisha kikundi cha kuziba wenyewe. Kikundi kikawa ushirika, ushirika ukahitaji mtumishi, na mtumishi wa kwanza akawa yeye. Ofisi yake ilikuwa baraza na kiti chake ndoo iliyopinduliwa. Kila asubuhi alipita mlango kwa mlango akipaza salamu ya "Wangaluka!" kwa Mnyamwezi na asiye Mnyamwezi, na aliyekuwa bado amelala aliamka apende asipende.

Nisije nikamfanya malaika. Siku ya kwanza ya kazi ya ujima, walipokuwa wakijenga upya choo cha uani, Bi Eustadia alikataa kusimama tu na kutoa maelekezo. Alimnyang'anya fundi Damas mwiko, akaanza kupanga tofali huku akiimba. Ukuta ulipanda vizuri hadi kiunoni, ukaanza kuegemea kama mlevi anayetafuta nguzo, na kabla chai haijaiva ulikuwa chini. Damas alichukua mwiko wake, akaupangusa, akauweka juu ya paa asikofika mtu mfupi. Tangu hapo mwiko ukawa mwiko kwake, na ujenzi wetu ukaimarika.

Mwaka wake wa tatu kazini ndipo yalipokuja maneno ya kubomoa. Sitataja ofisi wala kampuni, kwa kuwa leo ni siku ya keki. Niseme tu kwamba watu walikuja mchana kweupe wakachora alama nyekundu kwenye kuta, na mtaa mzima ukapewa jina jipya: magofu. Neno hili linanichoma hadi leo. Gofu ni nyumba isiyokaliwa na mtu. Nyumba yenye majiko ya mkaa yanayofuka uani, yenye watoto wanaogombania ndoo na bibi anayefumua nywele za mjukuu barazani, imekuwaje gofu? Imekuwa gofu kwa sababu kuna mtu amekipenda kiwanja.

Wapangaji wakaahidiwa nyumba za bei nafuu, nje kabisa ya mji, zikishajengwa. Nafuu kwa nani? Mama anayewahi mchicha alfajiri angepanda bodaboda kwenda na bodaboda kurudi, na faida yake yote ikaishia kwenye tangi la pikipiki ya mtu mwingine. Nyumba haiwi nafuu kwa sababu kuta zake ni rahisi. Huwa nafuu mtu akiweza kukaa humo na bado akala. Hilo Bi Eustadia amelisema kwenye kila kikao alichokaribishwa na vingi ambavyo hakukaribishwa.

Na hapa naingia kwenye kisa ambacho kila mtu wa mtaa anakijua, na kila mmoja anakitia chumvi yake. Mimi sikuwepo, nilikuwa mtoto Ulyankulu, kwa hiyo nasimulia kwa chumvi ya kadiri. Karibu na soko lilibandikwa tangazo: kikao cha wapangaji wa mji, wote mnaombwa kufika bila kukosa. Waliokusudiwa walikuwa wale wanaoupanga mji kwa kalamu na ramani. Aliyeliandika alitaka kubana maneno, akasahau kwamba katika Kiswahili chetu anayepanga mji na anayepanga chumba wote ni wapangaji. Bi Eustadia alilisoma, akaona hatimaye wamekumbukwa, akapita kila uani kwa ile sauti ya kichuguu.

Walikwenda. Walivaa kama wanaokwenda harusini. Mzee Twalibu, dereva mstaafu wa treni, alitoa kanzu ya Idi na kofia yake. Akina mama walivaa vitenge vya sare. Kwaya ya Moraviani ya Mama Martha, mpangaji wa chumba cha mbele, ilitokea mazoezini ikiwa imevaa majoho. Walijaza viti vyote vya ukumbi. Wapangaji wale wengine, wa kalamu, walipofika na ramani zao kwapani walikosa pa kukaa, wakasimama ukutani wakidhani wamekosea siku.

Mgeni rasmi alikuwa ametoka mbali na hakumjua yeyote. Akafungua hotuba aliyoandikiwa na kusoma kwa sauti kwamba mji uko mikononi mwa wapangaji, na kwamba halitaguswa hata tofali moja kabla wapangaji hawajasikilizwa. Vigelegele vilipigwa hadi akaanza kujiamini kupita hotuba yenyewe. Aliendelea kuahidi. Ndipo akasimama Bi Asmahani, muuza vitumbua, na maneno yake yamehifadhiwa mtaani kama aya: "Tumesikia, mheshimiwa, na Mungu naye kasikia. Sasa zile alama nyekundu majumbani kwetu nani kazichora, maana sisi hatujasikilizwa bado?"

Mgeni rasmi akageuka kuwatazama waliosimama ukutani. Nao wakatazama ramani zao. Ahadi imeshatoka mbele ya mashahidi wa kutosha kujaza treni, nani angeirudisha mdomoni? Alama zikasitishwa, na ushirika ukapewa muda wa kuleta mpango wake wenyewe. Bi Eustadia anaapa hadi leo kwamba alikosea kwa nia safi. Wengine wanakubali, wengine wanakohoa.

Watu wakisimulia kisa hiki hucheka, nami hucheka nao. Halafu kicheko kikiisha najikuta nimekunja ngumi. Mtu akae mji huu maisha yake yote, azae humo, azike humo, kisha siku atakapopewa kiti cha kuzungumzia nyumba yake iwe ni kwa sababu karani amekosea neno? Hiyo ndiyo hadhi yetu? Bila lile kosa, leo Mtaa wa Wapagazi ungekuwa maegesho ya magari ya wageni, na huyu tunayemuaga angekuwa amestaafu kazi ya kuwasindikiza watu wakihama.

Mpango uliletwa. Warithi walitafutwa mmoja mmoja, wakakubali kuukabidhi ushirika nyumba zao kwa mkataba mrefu, kwa sharti kwamba zikarabatiwe na majina ya wazee wao yabaki milangoni. Kisha ikaanza kazi ambayo ndiyo alama halisi ya Bi Eustadia. Wataalamu walishauri nyumba ikikarabatiwa wakazi wake wahamishiwe kwingine hadi iishe. Yeye akakataa katakata. Alisema amewaona wanaohama kwa muda: huhama moja kwa moja. Akaweka utaratibu mgumu, kwamba nyumba itengenezwe chumba kwa chumba, na mwenye chumba kinachotengenezwa ahamie chumba cha jirani, uani humo humo. Mchwa waling'olewa pamoja na nguzo zao, misingi ikatiwa mawe, mabati mapya yakapanda, chokaa ikarudi ukutani, na hakuna kaya iliyotoka.

Bila shaka watu walibanana, na walipobanana walioneshana tabia. Mzee Twalibu alihamishia vitu vyake kwa Mama Martha, na yeye mwenyewe akawa analala kwa jirani mwanamume. Vitu vyenyewe vilikuwa saa za ukutani, nyingi ajabu, masalia ya maisha ya reli, na hakuna iliyokubaliana na mwenzake. Mama Martha akiongoza kwaya chumbani, saa moja inalia katikati ya ubeti wa pili, nyingine inaijibu kwenye "Amina." Alikwenda kwa Bi Eustadia kushtaki. Bi Eustadia alisikiliza mashtaka yote, akauliza kama saa hizo haziwezi kufundishwa sauti ya tatu. Chumba cha Mzee Twalibu kilipokamilika, Mama Martha aliomba aachiwe saa moja. Ipo hadi leo, na bado haisemi kweli.

Mimi nilifika nikiwa nimemaliza chuo, mgeni, nikitokea Ulyankulu. Sisi wa kule, kwenye makazi ya wakimbizi, tunalijua neno kuhama. Bibi yangu Nibizi aliikimbia Burundi akiwa na mtoto mgongoni, akalima msitu hadi ukawa kijiji, na uzeeni maneno ya kuhamishwa yalipovuma tena alifunga mizigo, akaikalia, akaifungua. Nilipomwambia Bi Eustadia habari hiyo hakunipa pole. Alisimama, akafunga dirisha kwa kishindo, akasema, "Basi wewe huhitaji kufundishwa kazi hii. Wewe unahitaji tu kuoneshwa ofisi." Mwaka ule ule nilishikwa na malaria kali nikiwa sina mtu mjini. Alinichukua kwenye bajaji, akanilaza kitandani mwake, yeye akalala chini kwenye mkeka, na asubuhi akanisimanga kwa kumalizia uji wake. Toka hapo namwamkia shikamoo Mama, naye ananiitikia marahaba mwanangu, mbele ya wageni na nyuma yao.

Leo nyumba zote za mtaa zimesimama. Kodi yake anaimudu muuza vitumbua. Wageni huja na kamera, husimama mbele ya kuta nyeupe wakaeleza walivyoshirikiana nasi, na baadhi yao nikiwatazama vizuri naona vidole vya wale waliosimama ukutani. Bi Eustadia huwapa chai. Mimi ningewapa brashi na rangi nyekundu nikawauliza wanakumbuka inavyoshikwa.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa lile lililonikereketa.

Tangu aajiriwe Bi Eustadia amekaa katika chumba cha mtumishi, nyumba ya kwanza kutoka barabarani. Si chake. Kanuni zetu zinasema mtumishi hawi mwanachama, hagawiwi nyumba, na hukaa chumba cha mtumishi kwa muda wa utumishi wake tu. Kanuni hiyo aliipendekeza yeye, baada ya mweka hazina mmoja wa zamani kugawa vyumba kwa shemeji zake hadi korido nzima ikawa ukoo mmoja. Ilikuwa kanuni nzuri. Lakini mwaka huu imemgeukia aliyeitunga. Mwezi uliopita bodi ilimkumbusha kwa heshima zote kwamba ifikapo tarehe 30 Juni chumba kiwe wazi. Shamba la Usoke kaka zake walikwishagawana, na dada hakuhesabiwa. Kwa hiyo mwanamke aliyehakikisha hakuna kaya inayotoka mtaani ndiye kaya ya kwanza kutolewa.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wetu, Mzee Justus. Simchukii. Ni mtu wa haki na mtaani alizaliwa. Aliniangalia kwa huruma, akashusha pumzi na kusema, "Mwanangu, ningefanyaje? Kanuni ni msumeno." Nikaenda kwa wajumbe, mmoja baada ya mwingine. Wote walimsifu Bi Eustadia kwa machozi. Wote walinikumbusha kanuni. Na wote waliniambia nisiwe na wasiwasi kwa kuwa wamemwandalia zawadi kubwa ya kumuaga, seti nzima ya makochi. Makochi! Mnampa mtu pa kukaa baada ya kumnyima pa kukaa. Nilitoka pale nikicheka peke yangu barabarani kama mwehu, maana njia nyingine ilikuwa kulia.

Nikamwendea mwenyewe. Nilimkuta anafunga sufuria kwenye gunia. Aliniambia, "Kanuni niliitunga mimi, siwezi kuivunja kwa kuwa leo imenifikia. Nitatafuta pa kujishikiza." Mama, uniwie radhi, kwa hilo hata wewe nimekukasirikia. Umewapigania watu wote wasihame, na zamu yako ilipofika ukawa wa kwanza kukunja mkeka. Unyenyekevu wa namna hiyo unawapa raha waliokosea.

Basi nikazisoma kanuni upya, zote, kwa hasira, na hasira ni miwani mizuri. Mzee Justus alisema kweli kuhusu msumeno, ila alisahau kwamba msumeno hukata mbele na nyuma. Kuanzia tarehe 1 Julai Mratibu wa Nyumba ni mimi. Chumba cha mtumishi ni changu. Na kifungu kinachofuata, nacho kimetungwa na Bi Eustadia, kinasema mtumishi anaruhusiwa kukaa na mwenzi wake, watoto wake, na mzazi au mlezi wake. Hakikuuliza damu. Mwenye shaka kama nina mlezi mjini hapa aulize uani nani alilala kwenye mkeka nilipokuwa naumwa.

Mama yangu aliyenizaa, Imakulata, yuko Ulyankulu mzima wa afya, na nilimpigia simu kumwomba ruhusa. Alinijibu, "Uliondoka hapa na mama mmoja, sasa unao wawili. Hasara iko wapi?" Kwa hiyo wajumbe wapendwa, jina la mlezi wangu nimekwisha kuliandikisha, na Mzee Justus, kwa sifa yake, aliposoma kifungu aliondoa miwani, akaifuta, akasaini. Nadhani alikuwa akisubiri mtu amwoneshe upande wa pili wa meno ya msumeno.

Lakini nisieleweke vibaya. Huu ni ujanja, na watu waliojenga mtaa kwa mikono yao hawapaswi kuishi kwa ujanja. Mkutano mkuu ukifika nitasimama kudai kanuni ibadilishwe, ili mtumishi aliyeutumikia ushirika hadi uzee apate chumba kwa jina lake mwenyewe, bila kubebwa mgongoni mwa mwingine. Atakayepinga ajiandae, kwa sababu sauti ya kichuguu huambukiza.

Bi Eustadia Kalunde, kwa niaba ya watumishi wa Ushirika Tukae, na wapangaji wa Mtaa wa Wapagazi, waliopo na waliotangulia mbele ya haki, tunakushukuru. Umetufundisha kwamba nyumba ya maskini si aibu ya mji, na kwamba mtu hasemi "naomba" anapodai kilicho chake. Pumzika sasa. Lala hadi jua lipande, uamshwe na wengine. Tunakutakia maisha mema.

Na kesho, Mama, toa zile sufuria kwenye gunia. Nitachelewa kutoka kazini; usifunge mlango kwa ndani.